Kichwa Kisicho na Mkono

Habari ya kifo cha Maître Ilunga, mwalimu wangu wa zamani, ilinikuta kazini, katika maabara ya kiwanda kimoja nje kidogo ya Kolwezi, nikisubiri mashine inipe jibu la mawe ya siku ile. Simu ilitikisika mfukoni, nikasoma maneno machache ya Mama Feza, mkewe, nikavua glavu na kuketi. Ningependa kuandika kwamba nilimlilia papo hapo. Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa jina la Kapend, mpwa wa marehemu. Matangani huwezi kumkwepa mtu. Utamkuta kwenye kuni, utamkuta kwenye maji, na ukikimbilia chooni utamkuta amesimama anasubiri utoke. Na mimi na Kapend tulikuwa hatujazungumza tangu siku yalipotangazwa matokeo ya mtihani, wakati hata mmoja wetu hakuwa na ndevu wala mume.

Nilifika mtaa wa Dilala mchana kwa teksi-moto, nyuma ya pikipiki, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Nyumba ya Maître ilikuwa ileile, moja ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi wake, zote sura moja, hadi mgeni hugonga kwa jirani kwanza. Turubai lilikuwa limefungwa uani. Kapend alikuwa anapanga viti vya plastiki. Ana mvi sasa, na kitambi cha watu wanaokula wamekaa nyuma ya usukani wa lori. Alinitazama akasema, "Zaina. Ulifika." Nikasema, "Nilifika. Pole ya msiba." Akaitikia kwa kichwa na kurudia viti vyake. Wanawake walikuwa wamewekwa chumba cha nyuma, nami nikaenda huko, nikaketi juu ya mkeka karibu na mjane, nikainua macho. Ukutani palikuwa bado na lile doa jeusi la mstatili, Maître alipokuwa amepaka rangi ya ubao. Chumba kile kilikuwa darasa letu.

Wasomaji wasinidai nasaba yangu wala habari za babu zangu. Zina mahali pake. Kwa sura hii inatosha kujua kwamba mwaka ule sanduku la bati lilikaa mlangoni kwetu. Lililetwa na shangazi yangu Mariamu, aliyekuwa na duka kule Mutshatsha, karibu na reli, akiuza unga, chumvi, mafuta na makaa. Duka lilihitaji mtu wa kukaa ndani yake, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Mi sikukataze masomo," aliniambia, akilipangusa lile sanduku vumbi kwa upande wa kitenge chake. "Jaribu ile concours yako. Ikikukataa, sanduku iko tayari, tunapanda treni." Hakuwa mtu mbaya, na duka halikuwa jela. Lakini mimi nilikuwa nimekua katika mji ambao kila mtu anaokota jiwe, analigeuza, analilamba, anasema hili lina shaba, lile lina kobalti, na hakuna aliyejua kwa hakika. Nilitaka kujua ndani ya jiwe kuna nini. Shule ya ufundi ya kampuni moja ya migodi ilikuwa inafundisha kazi ya maabara, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, hiyo concours: mtihani wa asubuhi moja, maswali ya kuchagua jibu, na aliyevuka umri wa miaka kumi na minane hapokelewi. Mimi nilikuwa nauvuka. Kila nilipotoka nyumbani nilipaswa kulikwepa lile sanduku kwa mguu.

Hesabu iliyokuwa inatumaliza ilikuwa moja. Wanakuambia: katika mji fulani, asilimia sabini wanafanya hiki, asilimia hamsini wanafanya kile, je, wanaofanya vyote viwili ni asilimia ngapi? Unajumlisha, unapata mia na ishirini, na unabaki umekodoa macho, maana mji hauwezi kuwa na watu zaidi ya watu wake wote. Wengi walikuwa wanafunga macho na kuchagua. Kwa hiyo baada ya shule tulikwenda kwa Ilunga, ambaye tulimwita Maître hata tulipokuwa wakubwa wa sekondari, kwa sababu wengi wetu ndiye aliyetushikisha kalamu mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mkali, shati limechomekwa, na alikuwa na njia yake ambayo hakuna mtu mwingine Kolwezi aliyekuwa nayo. Alituhesabisha kwa mikono.

"Sikieni, batoto," alisema siku ya kwanza, akigonga ubao kwa fimbo. "Mutu iko na kichwa moya, lakini mikono iko mbili. Mwenye kula bukari ya mahindi, ainue mukono ya kuume. Mwenye kula ya mihogo, mukono ya kushoto. Mwenye mama yake anachanganyaka unga, yote mbili. Sawa? Sasa hesabu mikono, hesabu bichwa. Mikono yenye kuzidi bichwa, njo ya benye kuchanganya." Bukari ndicho chakula chetu, sima ile ya unga anayoila kila mtu kuanzia Kolwezi hadi mpakani, na ugomvi wa mahindi na mihogo uko katika kila jiko. Darasa likacheka, mikono ikapanda, na ile asilimia mia na ishirini ikatueleweka kwa mara ya kwanza. Ile ishirini ya ziada haikuwa watu. Ilikuwa mikono ya pili ya watu walewale. Mpaka leo sijasikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na nimesoma vitabu vinene. Kutoka hapo akatupa kanuni ya kwenda nayo mtihanini, tukaikariri kwa sauti kama sala: jumlisha, toa mia, tia alama, endelea.

Shida ilianza mtihani ulipokaribia, alipotaka kututhibitishia kwamba kanuni haidanganyi. Tulikuwa wanafunzi ishirini. Akaamuru mikono juu, akahesabu ya kuume, kumi na mitatu, akahesabu ya kushoto, kumi. Mikono ishirini na mitatu, vichwa ishirini. "Tatu," akasema. "Benye kuchanganya ni batatu. Basimame." Wakasimama wanne. Akahesabu tena, wanne. Maître hakupenda kukosea mbele ya watu, na uso wake ulianza kutafuta mwongo. Akapita kati ya mabenchi, akasimama kwangu. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza.

"Zaina. Mikono yako iko wapi?"

"Iko hapa, Maître."

"Nakuuliza ju ya nini haiko juu? Ku nyumba munakulaka nini, hewa?"

Walicheka. Kapend, aliyekaa ubavuni mwangu, alicheka kuliko wote. Nikasema ukweli, kwamba sisi kwetu tunakula mupunga. Ndivyo tunavyouita wali, hata ukiwa umeshaiva. Watu wetu walikuja na chakula hicho kutoka mashariki pamoja na dini yao na malori yao, na bukari nyumbani kwetu ilipikwa kwa ajili ya wageni.

"Kila siku?"

"Kila siku, Maître."

"Mutoto, mu Kolwezi hakuna mutu asiyekula bukari. Inua mukono."

Nilimtazama. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haya. Nikainua mkono wa kuume. Akarudi mbele akahesabu: kuume kumi na minne, kushoto kumi, jumla ishirini na minne, toa vichwa ishirini, inabaki minne. Wanne walikuwa bado wamesimama. "Munaona?" akasema, amefurahi. "Hesabu imekaa. Batu mingi hawapotee." Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi, niliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale, nilikaa na kamba yangu hewani mpaka bega likauma.

Jioni ile sikula vizuri. Mama alinitazama nikiupanga wali kando ya sahani, punje huku, punje kule, akauliza kama wali umeungua. Haukuwa umeungua. Nilikuwa nahesabu. Kabla sijainua mkono wa uongo, jibu lilikuwa tatu wakati watu walikuwa wanne. Yule wa nne alikwenda wapi? Nilipanga punje ishirini, nikazipa mikono, nikaona kosa liko wapi. Kichwa changu kisicho na mkono kilikuwa kimeumeza mkono mmoja wa mwenzangu. Maître alikuwa anatoa vichwa ishirini, na kichwa changu kimo, lakini kichwa changu hakikuleta mkono wowote kapuni. Ilitakiwa kwanza mimi nitolewe nje, ndipo mikono itolewe vichwa kumi na tisa, na wanne wanajitokeza bila kumlazimisha mtu. Katika mtihani ni hivyohivyo: wakikuambia kuna walio nje ya makundi yote mawili, huwezi kutoa mia. Unatoa kile kinachobaki baada ya kuwaondoa wale wa nje. Nilimeza wali wote uliopoa kwa furaha, na sikujua kwamba nimejiletea balaa.

Kesho yake nilibaki baada ya wenzangu kutoka, nikamweleza. Nilimweleza kwa heshima, au nilidhani ni heshima. Nina ulimi ambao mama yangu alisema ulitiwa ndimu. Maître alisikiliza huku akifuta ubao polepole. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa imebana. "Concours iko karibu," alisema. "Nilichukua miezi kuwekea hawa batoto njia moya mu kichwa. We unataka kuipasua." Nikasema, lakini Maître, wakiuliza watu wa nje? "Hawaulizake! Miaka yote, hawakuulizake. Kama hii njia haikupendeze, keti ku jikoni na Mama Feza, mupaka ujifunze kuinua mukono sawa na benzako."

Nilidhani ni maneno ya hasira yatakayopita. Siku iliyofuata nilipotia mguu mlangoni alinionyesha jikoni kwa fimbo. Nyumbani sikuweza kurudi mapema, maana shangazi alikuwa amekuja tena kutoka Mutshatsha, ameketi sebuleni pembeni ya sanduku lake, na macho yake yangeuliza. Basi nikakaa jikoni. Mama Feza hakuuliza kitu. Alinisogezea kinu na majani ya mihogo, nikatwanga sombe, na dirisha dogo kati ya jiko na chumba cha nyuma lilikuwa halina kioo. Nilisoma hivyo, siku zote zilizobaki, mchi mkononi, nikisimamisha kutwanga kila Maître alipofikia swali, nikilijibu moyoni, nikiendelea kutwanga. Jiko lile lilinukia moshi na samaki mkavu. Nilisikia kila kitu, hata Kapend akisifiwa. "Jumlisha! Toa mia!" waliimba, nami nilikuwa naogopa kwa ajili yao na kwa ajili yangu, kwa sababu sikuwa na uhakika. Mtu mmoja akiwa na jibu lake na watu kumi na tisa wakiwa na lao pamoja na mwalimu, ni mjinga gani asiyejishuku?

Jibu nililipata kwa kusikiliza yasiyonihusu. Wanafunzi walikuwa wameondoka, mimi naosha kinu uani chini ya dirisha la nje la jiko, Maître akaingia jikoni kunywa maji.

"Ile mutoto alikudanganya?" Mama Feza aliuliza.

"Hapana." Nilisikia kikombe kikiwekwa. "Alisema kweli. Nilijaribu hesabu yake mara mingi. Iko sawa."

"Basi ubafundishe benzake."

"Feza, concours ni juma hii. Njia moya bameizoea. Nikibaongezea ya pili sasa, batachanganya zote mbili, bote baanguke. Wengi wape."

"Na kama baliuliza?"

Nilisikia Maître akichota maji tena.

"Kama baliuliza," alisema, "atajibu Zaina peke yake."

Nilijibanza ukutani. Nilikuwa sahihi, na sikufurahi hata kidogo. Nimefikiri sana juu ya sentensi ile katika maisha yangu. Zamani niliiona ya woga. Sasa nina wanafunzi wa mafunzo chini yangu maabara, na nimejua uzito wa kumbadilishia mtu njia wakati amekwisha kushika mlango. Lakini hata sasa, nikiipima kwa huruma yote niliyo nayo, naona Maître alicheza kamari kwa vichwa vya watoto, na alijua.

Nilimfuata Kapend siku hiyohiyo. Alikuwa akiishi pale kwa mjomba wake, ameletwa kutoka Mutshatsha kwa ajili ya mtihani ule tu, na umri wake ulikuwa unafungiwa mlango sawa na wangu. Nilimkuta anapanga kuni. Nikamwambia, ukiona swali limetaja watu wa nje, watoe kwanza. Nikachora ardhini kwa kijiti. Alitazama mchoro, akaufuta kwa kandambili.

"Tonton njo alikutuma?" aliuliza, yaani mjomba wake.

"Hapana."

"Basi acha. Tonton hawezi kunificha kintu. Mi ni damu yake. We ulifukuzwa, sasa unataka na miye nifukuzwe?"

Ningeweza kumwambia nilichosikia dirishani. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi alivyoshika lile gogo la kuni kwa mikono miwili, kifuani, nikajua ya kwamba hata nikisema hataniamini, na akiniamini nitakuwa nimemvunjia nyumba anayolala. Nikaenda zangu.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa shule moja, madirisha makubwa, baridi ya asubuhi ya kiangazi cha kwetu inatuuma vidole. Walitupanga mbalimbali, Kapend alikuwa safu ya pili kulia kwangu. Mzee mmoja wa kusimamia, koti refu, alipita akisema, "Mikono juu ya meza! Mikono yote nione!" nasi tukaweka. Nilijibu maswali ya mwanzo vizuri, ya katikati kwa kuhangaika. Kisha nikageuza karatasi, nikaliona. Katika mji fulani, asilimia sitini na tano ya nyumba zinatumia unga wa mahindi. Asilimia hamsini zinatumia unga wa mihogo. Asilimia kumi hazitumii hata mmoja. Je, zinazotumia aina zote mbili ni asilimia ngapi? Walikuwa wameuliza. Na walikuwa wameuliza kwa unga! Chini yake majibu matano yalikuwa yamepangwa, na kumi na tano ilikuwepo imekaa katikati, inang'aa, jibu la jumlisha-toa-mia, limewekwa makusudi kwa ajili yetu.

Nilijua jibu langu. Lakini kujua nyumbani kwa punje za wali, na kujua pale huku mzee wa koti anapita nyuma yako, ni vitu viwili. Sauti za wenzangu kumi na tisa ziliniimbia kichwani. Nikajiambia pengine kuna jambo silioni, pengine Maître alikosea aliposema kwamba sikukosea. Nikaona sanduku la bati. Nikaona treni. Ndipo nikaitazama mikono yangu, imelala juu ya meza kama mzee alivyoamuru, haikuinuliwa, wala wa kuume wala wa kushoto. Asilimia kumi. Hawa hawakuwa namba ya mtego. Hawa ni sisi. Ni mama yangu na chungu chake, ni jirani zetu wa msikitini, ni mimi. Nikatuondoa katika mia, ikabaki tisini. Sitini na tano na hamsini, mia na kumi na tano. Toa tisini. Nikaweka alama kwenye ishirini na tano, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikaingia ndani. Nilipoinua macho, Kapend alikuwa ameshageuza ukurasa, ametulia, uso wa mtu aliyekutana na swali analolipenda.

Majina yalisomwa na karani aliyesimama juu ya kiti langoni, kuanzia aliyefanya vizuri zaidi kushuka chini. Alisoma jina baada ya jina. Watu walipiga vigelegele, wengine walianguka chini kwa furaha. Shangazi alikuwa amekuja, amevaa nguo za safari. Karani alifika mwisho wa karatasi, akasema, "Zaina," pamoja na jina la baba yangu, akashuka kitini. Nilikuwa wa mwisho kupokelewa. Waliofuata nyuma yangu, tuliambiwa baadaye, walikosa kwa alama za swali moja, na Kapend alikuwa wa kwanza wao. Shangazi alinikumbatia, akasema basi atalichukua sanduku lake likiwa tupu, na nilihisi mwili wake ukicheka. Juu ya bega lake nilimwona Kapend ametazama ardhi, mahali patupu, kana kwamba kuna mchoro pale. Kisha akanitazama mimi. "Ulijua," alisema. Mwezi haukuisha, alipanda lori la kwenda mpakani kama msaidizi wa dereva.

Siku chache baadaye Maître alikuja nyumbani kwetu saa ya chakula, bila taarifa, shati limechomekwa. Baba alimkaribisha, mama akaanza kukimbilia unga wa mgeni. "Hapana, mama," alisema. "Nitakula ile munakulaka." Nikamletea wali na samaki. Alikula kwa vidole, vibaya, punje zikimdondokea magotini, mpaka sahani ilipokwisha. Alinawa. Alijipangusa polepole, kidole kwa kidole.

"Zaina," alisema mbele ya wazazi wangu, "nilikuinulisha mukono ya uongo."

Nikamuuliza tu, "Na Kapend, Maître?"

"Ya Kapend nitaibeba mi," alisema, akasimama na kuaga. Nilimwona mara nyingi baada ya hapo, njiani, sokoni, na kila mara tulisalimiana vizuri, lakini hatukurudia mazungumzo yale. Nilidhani yaliishia pale.

Sasa nilikuwa nimeketi juu ya mkeka, chini ya doa lile jeusi, na vijana wa darasa lake la mwisho wakaingia kumpa Mama Feza pole. Walikuwa wengi, wakajibana ukutani, wakaanza kusimulia habari za marehemu, jinsi alivyokuwa mkali, jinsi fimbo yake ilivyovunjika ubaoni. Msichana mmoja mwenye nywele za mistari akasema, "Na ile ya mikono!" wote wakacheka machozi yakiwatoka. "Lakini mbele ya mikono," alisema kijana mwingine, "alipigaka kelele: Kwanza mupunga! Kila swali ya asilimia, kwanza mupunga. Mwenye iko mupunga asimame ku mulango, tumuhesabie yeye wa kwanza. Usipouliza mupunga, unapata sifuri, hata kama jibu yako iko sawa."

"Mupunga ni nini?" mama mmoja akauliza.

"Ni batu ya inje. Benye hawako huku, hawako kule."

"Na ju ya nini mupunga?"

Vijana wakatazamana. "Hatujue, mama. Tulikuta anaiita vile. Ata bakubwa zetu, alibafundisha vile."

Sikuweza kuinua uso. Miaka ile yote nilikuwa napita mtaani kwenda kazini, na nyuma ya dirisha hili watoto walikuwa wanafundishwa kunihesabu kwanza. Hapo ndipo nilipolia, kwa kamasi, bila adabu, na Mama Feza akanishika goti. Nilipopangusa macho nilimwona Kapend. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawia, na kwa jinsi maji yalivyotulia ndani yake, alikuwa amesimama pale muda.

"Mi najua ju ya nini," aliwaambia wale vijana. Chumba kikamgeukia. "Ule mwaka mi nilikuwa ndani. Mutu ya ndani haonake mulango, ata bakimuonyesha." Alilitazama beseni. "Bakanionyesha kabisa. Bakanichorea chini."

Alikohoa, akaweka beseni mbele ya mjane, akarudia kazi yake, maana chakula kilikuwa tayari na watu lazima wapangiwe sahani. "Bamama," alisema, "mwenye kula bukari ya mahindi, mukono ya kuume. Ya mihogo, ya kushoto." Wanawake walicheka ndani ya machozi, na mikono ikainuka chumba kizima, mmoja mmoja na miwili miwili. Kapend alihesabu kwa kidole, midomo ikitembea, safu kwa safu, hadi akafika kwangu. Mikono yangu ilikuwa imelala magotini. Aliitazama, akanitazama usoni, na hakuniambia niiinue.